Kuruwa mpya, gari haina nguvu: mwambie mekanisye aache delko kwanza

Ndugu, kama nimekuelewa vizuri, Toyota RAV4 yako ya 1998, moteri 3S-FE, ilikuwa inavuta vizuri mpaka walipobadilisha kuruwa ya distribisyo (mkanda wa meno unaozungusha valvu sawa na pistoni). Sasa inawaka mara moja, ralanti (moteri ikizunguka bila kukanyaga) imetulia, lakini kupanda mlima wa Kadutu lazima uweke vitesi ya kwanza. Mekanisye ameshabadilisha buji (plagi) na filta, amezungusha delko (kifaa kinachogawa moto kwa buji), na anakuambia ni hewa ya Bukavu.

Hewa ya huku ni nyepesi kweli, mita 1,500 juu ya bahari inakula karibu asilimia 15 ya nguvu ya moteri isiyo na turbo, lakini hiyo gari ilikuwa inaishi hapa hapa hata kabla ya kuruwa. Kwa hiyo hapana.

Mimi niko garajini kila siku na gari za namna hii zinaniletea huzuni, mtu anamaliza pesa kwa piese ambazo hazikuwa na shida. Kwenye hii moteri delko inazungushwa na arbakame (fito inayofungua valvu), njo maana kuruwa ikiruka jino moja nyuma, valvu zinachelewa na moto wa buji nao unachelewa pamoja. Mekanisye anasikia moteri nzito, anazungusha delko, moto unarudi mahali pake, ralanti inakuwa tamu, anafunga kapo anakupa ufunguo. Valvu bado zimechelewa! Ukiwa na mzunguko wa chini valvu ya kuingiza inafunga pistoni ikiwa imeshapanda kupita kiasi, hewa inarudishwa nje, na hakuna delko itakayorekebisha hiyo. Utaona gari inakufa chini lakini ukiikanyaga sana inaamka kidogo. Ikiwa valvu zimewahi ni kinyume, inatoka vizuri halafu inakabwa juu.

Pima kompresyo (nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya silinda). Silinda zote nne zikiwa chini kwa kipimo kinachokaribiana, usikimbilie segima (ringi za pistoni), nenda kwenye alama za kuruwa.

Toa buji zote, zungusha moteri kwa mkono na ufunguo, upande wa saa tu, mpaka kikato cha puli ya chini kifike kwenye 0 iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kuruwa. Sasa toa kifuniko cha juu uangalie puli ya arbakame: iko na katundu kadogo, na nyuma yake kwenye kofia ya arbakame kuna alama. Weka jicho sawasawa na katundu, tumia tochi, ukitazama kutoka juu utadanganyika nusu jino. Alama inatakiwa ionekane katikati ya katundu. Ikiwa haionekani hata karibu, zungusha mzunguko mmoja zaidi uangalie tena; ikiwa pembeni ya katundu, umepata ugonjwa. Na kama puli yako ya chini iko na mpira katikati, ile duara ya nje inaweza kuteleza, 0 ikawa ya uongo, basi ingiza kijiti chembamba kwenye tundu la buji namba 1 uhakikishe pistoni imefika juu kweli.

Wakati wa kurudisha kuruwa, upande usio na gale (puli ndogo inayokaza kuruwa) ukae umevutwa, halafu uachie gale ivute, zungusha mizunguko 2 kamili kwa mkono, angalia alama tena kabla ya kukaza. Wengi hawafanyi hatua hii kwa sababu mteja anasubiri.

Alama zikiwa sawa tangu mwanzo, angalia vituyo vya vakiumu (vimipira vya kuvuta hewa) na fishi (vichwa vya waya) walizochomoa, mara nyingi kamoja kanabaki nje.

Delko ni ya mwisho. Moteri ikiwa moto, unganisha TE1 na E1 (matundu mawili ya kiboksi cha kupimia chini ya kapo) kwa waya, piga taa ya alumaji (ya kupimia moto wa buji), usome digri 10 kabla ya pistoni kufika juu. Waya uutoe, la sivyo taa ya cheki itabaki inapepesa.

Ila mwenye moteri ya dizeli kama 1HZ ya Land Cruiser asijaribu na starta akiwa na mashaka na alama, ile valvu zinagonga pistoni. Mkono tu, na ukisikia inakataa, simama.