Uliza Tukujibu: Hiyo ni programu ya juu kweli au imebahatisha msimu?

SWALI: Kaka wa safu hii, shikamoo kama wewe ni mkubwa, kama sio basi mambo vipi. Mi nimeanza kufuatilia futiboli ya vyuo vya Marekani juzijuzi tu, rafiki yangu ndo kanivuta, na fainali ya Januari 2026 tukaamka saa tisa na nusu usiku tukamwona Indiana anamfunga Miami 27-21 na kumaliza msimu mzima 16-0, yaani ushindi 16 bila kipigo. Nikasema basi, Indiana ndo programu bora Marekani nzima. Mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini, eti Indiana ni timu nzuri ila programu za juu ni kina Alabama, Georgia na Ohio State. Nikamuuliza, Alabama si ndo huyu huyu kapigwa na Indiana 38-3 pale Rose Bowl kwenye robo fainali? Akanijibu eti nikikomaa nitaelewa. Hebu nieleweshe kabla sijakomaa, ni nini hasa kinafanya programu iitwe ya juu, makombe, hela, uwanja au majina tu? – *Mgeni wa Futiboli*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Rafiki yako ana point ila kakujibu vibaya, mtu akiuliza haambiwi akomae.

Timu na programu ni vitu viwili tofauti. Timu ni wale vijana unaowaona uwanjani msimu huu. Programu ni kile kinachobaki wakishaondoka, na kwenye futiboli ya chuo wataondoka tu, hata uwapende vipi, maana mchezaji kwa kawaida ana misimu minne ya kucheza na mwenye kipaji akimaliza miaka mitatu tangu sekondari anaruhusiwa kwenda NFL, ile ligi ya kulipwa, kwa hiyo huwezi kumfungia mtu mkataba wa miaka minane kama klabu ya soka inavyofanya, kila Januari kikosi kinavuja. Mi kipimo changu ni pengo. Usiniambie ulishinda na nani, niambie alipotoka yule, aliingia nani na nini kikatokea.

Chukua Ohio State 2014. Agosti, kabla ligi haijaanza, kwotabeki wao, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, Braxton Miller, anaumia bega, nje msimu mzima. Anaingia J.T. Barrett, anacheza vizuri kweli, halafu mwisho wa Novemba kwenye mechi na Michigan anavunjika kifundo cha mguu. Kabaki wa tatu, Cardale Jones, jitu kubwa ambalo halijawahi kuanza mechi hata moja ya chuo. Wiki moja baadaye ni fainali ya ligi ya Big Ten dhidi ya Wisconsin, kila mtu anasema imekwisha hiyo. Wakashinda 59-0. Wakaenda nusu fainali wakamtoa Alabama 42-35, fainali wakamfunga Oregon 42-20, yaani mpaka siku hiyo kijana ameanza mechi tatu tu maishani mwake chuoni na zote tatu ni za kombe! Sasa jiulize, ni vyuo vingapi ambavyo mtu wao wa tatu kwenye foleni anaweza kufanya hivyo? Hapo ndo unaona kazi iliyofanyika miaka miwili mitatu nyuma, kwenye kusajili na kwenye mazoezi ya Jumanne ambayo hakuna anayeyaangalia.

Au hii nyingine, ambayo mi nikiikumbuka mpaka leo nasisimka. Januari 2018, fainali, Georgia anaongoza 13-0 mapumziko. Kocha wa Alabama, Nick Saban, anamtoa Jalen Hurts, kwotabeki aliyempeleka fainali mwaka wa pili mfululizo, anamwingiza Tua Tagovailoa, mtoto wa mwaka wa kwanza. Wakarudisha, ikaenda muda wa nyongeza, Georgia akapiga teke la pointi tatu ikawa 23-20. Mpira wa kwanza wa Alabama, Tua anakimbia kinyumenyume kama mtu anayefukuzwa na nyuki, anadakwa, hasara ya yadi 16. Jaribio la pili kati ya manne, yadi 26 za kutafuta. Hapo wengine tulishaanza kutafuta viatu. Mpira unaofuata karusha yadi 41 upande wa kushoto, DeVonta Smith kaudaka ndani ya eneo la kufungia, mechi imeisha 26-23. Sasa angalia watu wenyewe: aliyerusha mwaka wa kwanza, aliyedaka mwaka wa kwanza, na yule nyangumi aliyekuwa anamlinda Tua upande wa kushoto, Alex Leatherwood, naye mwaka wa kwanza, ameingia kwa sababu mwenye namba kaumia. Benchi ndo limechukua kombe. Hiyo ndo programu.

Na Georgia naye hakulala. Alipochukua kombe la msimu wa 2021, Aprili 2022 NFL wakamvuna wachezaji 15 kwenye drafti moja, ile siku timu za kulipwa zinachagua vijana wa vyuo kwa zamu, watano wa ulinzi raundi ya kwanza peke yake. Chuo cha kawaida hapo kinaweka matanga miaka mitatu. Yeye msimu uliofuata akaenda 15-0, na fainali akamfunga TCU, chuo kimoja cha Texas, 65-7, mechi ambayo kusema ukweli ilikuwa aibu kuiangalia, mi nilizima robo ya tatu nikalala.

Hayo mapengo yanazibwa na nini? Kusajili, kwanza kabisa, na kwa kweli ndo karibu kila kitu. Vijana wa sekondari wanapewa nyota na wale wachambuzi wa usajili, tano ndo juu kabisa, na kwa miaka mingi mabingwa wote walikuwa na sifa moja, zaidi ya nusu ya watu waliosajiliwa ni wa nyota nne na tano. Ukiwa chini ya nusu utashinda mechi kubwa mojamoja, hata ukapata msimu wa kukumbukwa, ila kombe hulipati. Mpaka Indiana huyo wako alipokuja akaichana hiyo karatasi, nitamrudia.

Hela? Hela lazima, ila hela peke yake ni kama jiko bila mpishi. Mwulize Texas A&M. Uwanja wao Kyle Field unachukua watu 102,733, matajiri wa mafuta wamejaa jukwaani, na Novemba 2023 walimfukuza kocha Jimbo Fisher kwa fidia ya zaidi ya dola milioni 75, yaani wamemlipa mtu hela yote hiyo asifanye kazi. Kombe la taifa mara ya mwisho walichukua 1939.

Sasa Indiana. Mdogo wangu, mi sitaki kukuvunja moyo kwa sababu walichofanya sijawahi kuona. Msimu wa 2023 walikuwa 3-9. Anakuja kocha Curt Cignetti kutoka chuo cha James Madison, anabeba na kundi zima la wachezaji wake wa kule, 2024 wanakwenda 11-2, 2025 wanakwenda 16-0 na kwotabeki Fernando Mendoza, aliyehamia kutoka chuo cha California, anachukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, ya kwanza kwenye historia ya chuo. Na hiki ni chuo ambacho mwanzoni mwa msimu huohuo ndo kilikuwa kinaongoza kwa idadi ya vipigo vya historia nzima kuliko chuo kingine chochote cha daraja la juu! Wengi wao si vijana wa nyota tano, ni watu wazima wa miaka 22, 23, waliokwisha kucheza mechi nyingi sehemu nyingine.

Hii imewezekana kwa sababu sheria zimegeuka. Tangu 2021 mchezaji anahama bila kukaa nje msimu mzima, na kuanzia Julai mwaka huohuo anaruhusiwa kupata hela kwa jina na sura yake, na toka 2025 chuo chenyewe kinaweza kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, ukomo ulianzia kama dola milioni 20.5 kwa mwaka kwa michezo yote ya chuo. Kwa hiyo yule Cardale Jones wa leo, namba tatu kwenye foleni, hakai. Ikifika Januari anahama zake, anakwenda kuwa namba moja mahali. Benchi la kina Alabama ndo limekuwa duka la wengine, na Cignetti anajua kununua kuliko wote.

Jibu langu basi, Indiana 2025 ni moja ya timu bora kabisa nilizowahi kuona na sioni haya kusema hivyo. Programu ya juu? Mendoza huyo kashakwenda zake NFL. Wakiziba pengo lake, na siku Cignetti mwenyewe akiondoka wakiziba na hilo, mwambie rafiki yako anipigie simu, mimi na yeye tukuombe msamaha wote wawili.

SWALI: Bwana mwandishi, mbona mnazunguka sana? Programu ni kocha. Saban akiwepo Alabama anachukua, akiondoka hachukui. Makombe sita Alabama, moja LSU kule Louisiana, kwisha habari. – *Msomaji wa siku nyingi*

JIBU: Mzee wangu, nusu ya hiyo ni kweli. Ila kumbuka Saban wa mwaka wa kwanza pale, 2007, alifungwa nyumbani na Louisiana-Monroe 21-14 akamaliza 7-6. Kocha alikuwa yuleyule! Wachezaji ndo hawakuwa wake bado.

Kilichomfanya yeye ni ile falsafa aliyoishika tangu akiwa Michigan State mwaka 1998. Alikuwa anakwenda kucheza na Ohio State, namba moja nchini, na profesa mmoja wa tiba ya magonjwa ya akili pale chuoni, Lonny Rosen, akamwambia mpira mmoja wa futiboli, toka unapoanzishwa mpaka unapokufa, unachukua kama sekunde saba tu, waambie vijana wasiangalie ubao wa matokeo, wacheze sekunde saba, wapumzike, wacheze saba nyingine. Walikuwa nyuma pointi 15 wakashinda 28-24. Toka hapo kila kitu kwake ikawa ni hatua iliyo mbele yako. Inachosha kuisikiliza, nakiri, ila ina faida moja kubwa: inafundishika, na wasaidizi walihama nayo. Kirby Smart wa Georgia alikaa chini yake miaka kibao.

Ila kocha ni mtu mmoja, na mtu anastaafu, Saban kastaafu Januari 2024. Mi ninachoangalia ni makocha wangapi tofauti wameshinda chuo hichohicho. Ohio State: Paul Brown 1942, halafu Woody Hayes, Jim Tressel 2002, Urban Meyer 2014, Ryan Day msimu wa 2024. Watano. Tena Day huyo Novemba alikuwa amefungwa nyumbani na Michigan 13-10, mashabiki wanataka kichwa chake, Januari akainua kombe. LSU ndo kichekesho zaidi, makocha watatu waliofuatana, Saban 2003, Les Miles 2007, Ed Orgeron 2019, wote mabingwa, na hao wawili wa mwisho chuo kikawatimua baadaye. Pale Louisiana vipaji viko mlangoni, kocha anakuta mzigo umeshapakiwa.

Ukitaka kuona upande wa pili, nenda Nebraska. Tom Osborne alikaa misimu 25, kuanzia 1973 mpaka 1997, na hakuna hata msimu mmoja aliopata ushindi chini ya tisa. Hata mmoja! Makombe matatu kwenye misimu minne ya mwisho. Akamwachia msaidizi wake Frank Solich, Solich akawapeleka mpaka fainali ya msimu wa 2001, na 2003 akiwa 9-3 wakamfukuza, eti hawataki kuwa wa kawaida. Wamekuwa wa kawaida toka siku hiyo, na kuna misimu wangetamani hata huo ukawaida. Uwanja lakini wanajaza, tiketi zinaisha kila mechi ya nyumbani tangu 1962. Mashabiki wapo, historia ipo, hela ipo, na jirani hakuna vijana wa kutosha wa kusajili, jimbo lenyewe lina watu wachache. Kocha mzuri aliuficha huo ukweli kwa miaka 25.

Alabama kwa kocha mpya, Kalen DeBoer: 9-4 mwaka wa kwanza, mwaka wa pili akafika mchujo wa kombe na kula kile kipigo cha Indiana. Mpe muda kidogo mzee wangu, hata Saban alipewa.

SWALI: Na Notre Dame je? Nyumbani kwetu ndo timu pekee mzee anaijua kwa jina. – *Binti wa shabiki*

JIBU: Mzee hajakosea, dada yangu. Makombe 11 yanayotambulika, kocha wao wa zamani Knute Rockne, kofia za dhahabu, na mkataba wao wenyewe wa televisheni na NBC tangu 1991 wakati wengine wanagawana wa ligi. Januari 2025 walifika fainali wakafungwa na Ohio State 34-23. Kombe la mwisho ni la 1988 chini ya Lou Holtz, kwa hiyo mzee akianza zile hadithi zake wewe msikilize tu, ila mwaka usimuulize.

Nafasi imeniishia. Yule aliyeuliza habari za Michigan nimemwona, nitamjibu toleo lijalo, uwanja wao unachukua watu 107,601 na barua yake nayo kwa idadi ya maneno inakaribia huko huko.