Kwa mnaoingia kusomea uendelevu: anzieni jikoni

Wenzangu mnaoanza shahada ya uzamili ya uendelevu katika vituo vidogo vya bweni hapa Nairobi, zamu ya jikoni ni somo. Msiichukulie kama kero inayowatoa vitabuni. Mahali ambapo watu wachache wanapika, wanakula, wanalala na kusoma pamoja, mambo ya taka, maji na nishati huyaona kwenye sufuria kabla hujayasikia darasani.

Tuseme umepangiwa mboji. Unachanganya maganda ya viazi, mabua ya sukuma wiki na machicha ya chai na majani makavu au vumbi la mbao. Vibichi vikizidi, rundo linatota, hewa haipiti, na uvundo unakufuata hadi chumbani. Ongeza vikavu, ligeuze juu chini, kisha baada ya siku chache chomeka mkono ndani: utautoa upesi. Joto linaweza kupita nyuzi 55, na ndilo linaloua mbegu za magugu na vijidudu vya magonjwa. Ule uwiano wa kaboni (ya vikavu) na nitrojeni (ya vibichi) uliousoma kama namba tupu sasa unaujua kwa pua na kwa kiganja. Na siku utakayoacha kugeuza kwa sababu una insha ya kuwasilisha, kuna mwenzako atakayebeba kazi yako. Ugomvi wa zamu usiukimbie, kaeni muuzungumze. Ukiona jinsi watu wanane wasomi wanavyoshindwa kuelewana kuhusu rundo moja, utawaheshimu zaidi wanakijiji wanaoendesha mradi wa maji wa familia mia.

Kisichooza kinakwenda wapi? Kifuateni. Jaa la taka la Dandora, hapa Nairobi, lilianza kutumika miaka ya 1970, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na malori yakaendelea kumwaga. Mtakuta huko watu wanaojua kutenganisha aina za plastiki kwa kuzikunja na kuzigonga, na wanaojua bei ya kila aina. Nendeni na mwenyeji, ombeni ruhusa kabla ya kutoa simu kupiga picha, na msimpotezee mtu saa zake za kazi bila kumlipa. Muulizeni pia kilichobadilika tangu Agosti 28, 2017, marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza kwa adhabu ya hadi faini ya shilingi milioni nne au kifungo cha miaka minne. Majibu yake yatakupa maswali ambayo ripoti hazikuyauliza.

Mto Nairobi nao unastahili siku nzima, na viatu vizuri. Anzieni kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, kwenye chanzo chake, mshuke nao hadi Museum Hill, Gikomba, Korogocho. Angalieni rangi ya maji inapobadilikia na ulizeni wanaoishi hapo ni nini kimeingia. Maji hayo huungana na Athi, yakaitwa Galana, kisha Sabaki, yakamwagika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Mvuvi wa huko anapokea tulichotupa huku.

Makao makuu ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, yako Gigiri hapa Nairobi, na kukiwa na mhadhara wa wazi, hudhurieni. Ila nawasihi mjue sheria za nchi kwa undani zaidi kuliko maazimio ya mikutano. Mwaka 1989 mwanamazingira Wangari Maathai alikwenda mahakamani kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park. Kesi ikatupwa kwa hoja kwamba hakuwa na haki ya kushtaki, kwa kuwa yeye binafsi hakuonyesha alichodhurika nacho. Jengo halikujengwa, kwa sababu kelele za wananchi ziliwafukuza wafadhili. Leo someni kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010: anayekwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi hahitaji kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Kila nikisoma kifungu hicho namkumbuka mama yule. Msipite juu yake haraka.

Kuhusu tasnifu, chagueni mada mnayoweza kuifikia kwa matatu, muirudie wakati wa kiangazi na wakati wa masika. Bonde la Mathare la Februari silo la Aprili, na utafiti uliofanywa msimu mmoja huficha nusu ya habari. Mada kubwa kama "mabadiliko ya tabianchi Afrika Mashariki" waachieni wenye timu na bajeti. Leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, iombeni mapema, mara tu msimamizi anapopitisha pendekezo, maana bila hiyo kuna ofisi ambazo hazitafungua hata faili.

Jambo la mwisho ni deni. Waliowajibu maswali wana haki ya kuona mlichoandika. Tengeni wiki moja kabla ya kuhitimu, andikeni muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili kisicho na istilahi za darasani, muupeleke wenyewe, na mkae wausome mbele yenu. Watakaporekebisha jambo, ingizeni marekebisho hayo kwenye tasnifu kabla haijapigwa jalada.