Nafasi moja ilivyonifutia harusi za Mfunguo Mosi

Waaleykum salaam ndugu yangu. Unauliza uanzie wapi na terminali, lile dirisha la kuandikia amri, maana umeshaweka Ubuntu (aina ya Linux) kwenye laptopu, ukapakua orodha ya amri mia, na baada ya wiki mbili zimekubaki kichwani tatu. Wallahi hizo tatu kwa sasa zinakutosha. Orodha iweke pembeni, nikwambie mie nilivyoingia.

Napiga picha za harusi hapa Chake Chake. Nikaha msikitini naipiga mimi. Kwa wanawake anaingia dada yangu na kamera yake, na mnajua wenyewe, picha za huko hazitakiwi kuchanganyika na za wanaume hata moja. Tabu ni kuwa kamera zote mbili hutoa majina ya namna moja: IMG_0412.JPG huku, IMG_0412.JPG kule. Ukizimwaga folda moja kwa cp, ya pili inaikalia ya kwanza na huulizwi kitu. Basi kila baada ya harusi nilikuwa nakaa nabadilisha majina kwa mkono, moja moja, picha mia sita, mpaka macho yanatoka machozi. Kero ile ndiyo iliyonisomesha. Na wewe hukosi yako.

(Neno sheli utalikuta sana. Kwetu sheli ni pale unapotia petroli. Sheli ya huku ni programu inayosoma unachoandika na kukitekeleza. Ya kwenye Ubuntu yako ni bash, iliyoandikwa na Brian Fox na kutolewa mwaka 1989.)

Amri za mwanzo ni chache: pwd inakwambia uko folda gani, ls inakuonesha kilichomo, cd inakuhamisha, cp inanakili, na mv inahamisha na pia kubadilisha jina. Zifanyie mazoezi kwenye nakala za faili zako mwenyewe. Ukitaka maelezo andika man ls, na kutoka humo ni kubonyeza q. Mie siku ya kwanza nilizima laptopu nzima kwa kutojua mlango uko wapi.

Kinachomtesa mgeni hasa ni nafasi baina ya maneno. Sheli, kabla haijaipa amri kazi, huukata mstari wako kila penye nafasi, na kila kipande kwake ni kitu mbali. Nilikuwa na folda mbili: Harusi, yenye kazi zangu zote za mwaka, na Harusi Wete, ambayo wenyewe walishachukua picha zao. Nikataka kuifuta hiyo ya pili, nikaandika rm, amri ya kufuta, na -r ili iifute folda na vilivyomo:

rm -r Harusi Wete

Ikaona majina mawili. Ikaifuta Harusi yote, kisha ikalalamika kuwa Wete haipo. Niliyotaka iondoke ikabaki salama salmini, kwani hakuna aliyeitaja! Na rm haina jaa la kwenda kuchakura. Nakala nilikuwa nayo kwenye diski ya nje, lakini ya miezi mitatu nyuma, kwa hiyo harusi zote za Mfunguo Mosi zilikwenda. Nilipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Nyumba moja mama wa biharusi hakusema neno, akanitengea chai tu. Bora angenitukana.

Dawa yake ni alama za kunukuu: rm -r "Harusi Wete". Au zoea kubonyeza Tab badala ya kuandika jina zima, sheli yenyewe itakuandikia Harusi\ Wete. Siku hizi folda zangu naziita Harusi_Wete, nikapumzika.

Sasa skripti yangu ya kwanza, yaani faili ya amri zinazoendeshwa kwa mpigo, ambayo mpaka leo naitumia kutia wake_ mbele ya majina ya picha za wanawake:

#!/bin/bash
for f in *.JPG; do
  echo mv -n "$f" "wake_$f"
done

Mstari wa juu unasema bash ndiye wa kuiendesha. Nyota inakusanya kila faili inayoishia .JPG, kwa herufi kubwa, maana Linux haioni .jpg na .JPG kuwa kitu kimoja. $f ni jina la picha iliyofikiwa, na umeziona zile alama za kunukuu. -n inakataza kukalia faili iliyokuwepo. Echo ndiyo hirizi yangu: inaandika tu amri ambayo ingetekelezwa, haigusi kitu. Soma mistari kumi, ukiridhika iondoe hiyo echo. Ihifadhi kwa jina badili.sh ndani ya folda ya picha, ipe ruhusa kwa chmod +x badili.sh, iendeshe kwa ./badili.sh. Usiiendeshe mara mbili, utapata wake_wake_IMG. Yamenikuta.

Kabla na baada, hesabu picha: ls *.JPG | wc -l. Kile kijiti cha katikati ni bomba, kinapeleka matokeo ya amri ya kushoto kwa ya kulia. Kimo kwenye Unix, mfumo wa zamani ambao Linux imeuiga, tangu 1973. Namba zikitofautiana, simama hapo hapo.

Kama laptopu inagombaniwa na ndugu zako, programu ya Termux, terminali ya kwenye simu ya Android, inatosha kujifunzia. Ila skripti usiiandike kwenye kompyuta ya Windows ya kazini: mistari yake aghlabu huisha na herufi ya ziada isiyoonekana, bash ikaikataa nawe ukabaki unakodoa macho. Tumia nano, programu ya kuandikia iliyo ndani ya terminali. Kuhifadhi ni Ctrl+O kisha Enter, kutoka ni Ctrl+X.