Nilifeli Medikali ya Ghuba: Kwako Uliyeambiwa Una Homa ya Ini B

Juzi usiku kijana mmoja wa Likoni, Mombasa, aliniandikia: "Kaka, nimefeli medikali. Wamenikuta na homa ya ini B. Mchumba wangu kapimwa, yeye hana. Ina maana damu yangu ni mbovu?" Niliusoma ujumbe ule mara tatu. Swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe.

Mwaka 2013 nilikuwa na pasipoti mpya, kazi ya udereva Qatar ikinisubiri, na deni la kumlipa wakala. Wewe unayesoma unaijua ndoto ile: nyumba ya mawe kwa mama, ada ya wadogo. Wakala alinirudishia karatasi ya medikali, vile vipimo vya afya vya wanaokwenda kazi Ghuba, bila kunitazama usoni. "Wewe huendi." Nikauliza kwa nini, akasema nina ugonjwa wa ini, kisha akaita jina la mwingine. Hakuna aliyenieleza kama unatibika au vipi. Mpaka leo nikipita chini ya ngazi za ofisi yake moyo hunipiga. Deni nililimaliza kwa kuendesha tuktuk.

Ila kazi siyo iliyoninyima usingizi. Nilimkumbuka mjomba, kaka yake mama, aliyefia Kitui akiwa na miaka 41. Tumbo lilijaa maji, macho yakageuka manjano, mikono ikakonda hata pete ya ndoa ikawa inamvuka. Mama aliizungushia uzi mweupe ili isidondoke. Jirani walisema karogwa. Hospitali walisema saratani ya ini, na tulikuwa tumechelewa.

Daktari mmoja, Mungu ambariki, akasema tupimwe nyumba nzima. Mama alikutwa nacho kirusi, mimi ninacho, kaka yangu anacho. Mdogo wetu wa mwisho hana. Alizaliwa baada ya chanjo kuingia kwenye ratiba ya watoto. Mke wangu ndiye aliyenishangaza: kirusi hana, lakini kingamwili zake, silaha ambazo mwili hutengeneza dhidi ya kirusi, zinaonyesha kiliwahi kumwingia. Alikipata, akakishinda, wala hakuumwa siku moja. Nawaambia ukweli, nilimwonea wivu mke wangu mwenyewe.

Daktari alituchorea ini nyuma ya bahasha. Kirusi hiki, alisema, hakiziui seli za ini. Kinakaa ndani yake kama mpangaji. Wanaozibomoa ni askari wetu wenyewe, chembe nyeupe za damu, zikimsaka yule mpangaji. Mtu mzima akiambukizwa, askari wake kwa kawaida hukitambua haraka na kukifukuza. Wasiofaulu ni chini ya 5 katika 100. Mtoto mchanga akiambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa, kinga yake bado haijajifunza nani mgeni nani mwenyeji, na watoto 9 kati ya 10 hubaki nacho. Basi mimi sikushindwa kwa sababu damu yangu ni mbovu. Nilikutana na adui nikiwa mtoto mno.

Urithi nao una sehemu yake. Tuna jeni ziitwazo HLA, kazi yake kuvionyesha vipande vya kirusi kwa askari. Hazifanani kati ya mtu na mtu, na mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba baadhi ya sura za jeni hizo zinaendana na kubaki na homa ya ini B. Hakuna aliyezichagua jeni zake.

Vita ile ikidumu miaka thelathini, ini linajeruhiwa na kujijenga, linajeruhiwa na kujijenga, mpaka makovu yanatanda. Kila seli mpya inapozaliwa, kosa linaweza kuingia kwenye vinasaba vyake. Kirusi chenyewe huchomeka vipande vyake humo humo. Ndiyo maana saratani inaweza kumkuta hata mtu ambaye ini lake halijawa na makovu. Ongeza mahindi yenye kuvu. Sumukuvu huiharibu jeni ya p53, ile inayoizuia seli yenye hitilafu isizaane, na ikikutana na homa ya ini B hatari inazidishwa. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwafanya watu 317 waugue huku kwetu Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Hao iliwaua kwa muda mfupi. Mjomba yeye alikula mahindi yenye kuvu kama hayo miaka yote, huku kirusi anacho.

Kwa hiyo ndugu zangu, pimeni. Ukikutwa nacho, wapime watu wako wa nyumbani. Asiye nacho wala kinga, achanjwe. Taiwan walianza kuwachanja watoto mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto ikashuka. Mahindi yaliyoota kuvu usiyaoshe ukala, tupa. Pombe acha. Na picha ya ini, yaani ultrasaundi, kila miezi sita, hata ukijisikia mzima, maana mjomba naye alijisikia mzima. Usiseme huna dalili! Pima.

Ukiandikiwa dawa, usiiache kwa aibu. Yangu ni tenofoviri, ambayo hutumika pia kwa wenye Ukimwi. Mama mkwe aliiona ile chupa juu ya kabati, akakaa wiki mbili hataki chai ya kwangu. Iliniuma sana. Nilimeza vilevile.

Wiki iliyopita nilipiga ultrasaundi yangu ya kumi na nane. Ini safi.

Mdogo wangu wa Likoni, mchumba wako arudi apimwe kingamwili. Kama hana, achanjwe dozi zote tatu kabla ya harusi. Na wewe Jumanne saa moja asubuhi nitakungoja upande wa kisiwani, pale feri inapotema watu. Karatasi ya medikali usiichane. Njoo nayo, daktari ataihitaji.