Dogo unayeanza gereji, kabla hujashusha kabureta ya pikipiki kuukuu soma hii

Kama ndo umeingia gereji wiki hii na fundi wako ameshaanza kukurushia mapikipiki yaliyochoka, "hebu safisha kabureta hiyo" (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini), subiri kwanza. Mimi nimefungua kabureta nyingi ambazo hazikuwa na tatizo lolote, na nyingine nilizifungua nzima nikazirudisha mbovu, kwa iyo haya naandika yamenitoka jasho sio kwamba nimeyasoma mahali.

Mwaka wangu wa kwanza hapa Tanga kuna mzee alileta pikipiki yake ya kubebea nazi kutoka Pongwe, hizi za Kichina zenye injini iliyoigwa kutoka Honda CG125 ya mwaka 1976, spidomita ilishakufa zamani kwa iyo kilomita zake anajua Mungu. Inaenda vizuri kilomita tatu nne alafu inazima polepole kama imeishiwa mafuta, ukikaa kidogo inawaka. Nikasema hii kabureta. Nikaishusha, nikasafisha, nikarudisha, akaenda akarudi anaisukuma, nikaishusha tena, mara tatu siku ileile mpaka skrubu za bakuli la chini la kabureta zikaanza kulika vichwa. Mzee kakaa kwenye benchi ananiambia, "Mjukuu wangu, mimi nikifungua tenki kuchungulia mafuta huwa inawaka hapohapo." Nikaona ananipigia stori tu. Jioni fundi mkubwa akaja akaizungusha mtaa, ikamzimikia, akafungua mfuniko wa tenki tukasikia fsss kama soda. Tobo la hewa la mfuniko limeziba kwa udongo, sasa hewa haingii juu mafuta yatashukaje chini? Akalizibua na pini, dakika mbili. Mzee wala hakunisema, ila jina la Fundi Mfuniko lilinikaa miezi.

Kwa iyo cha kwanza muulize mwenye pikipiki alafu nyamaza asimulie. Inasumbua asubuhi au ikishapata moto? Ikiwa sailensa, yaani inaunguruma yenyewe bila kuvuta mafuta, au ukivuta mafuta? Ilianza yenyewe au baada ya kujaza mafuta mahali fulani au baada ya fundi mwingine kuigusa (hili hawapendi kulisema, uliza mara mbili). Alafu angalia plagi, eya klina na tapeti (nafasi ya valvu za injini). Tapeti zikikaza sana pikipiki inawaka kwa shida na sailensa haikai, dalili zilezile, na ukisafisha kabureta mpaka ing'ae haitakusaidia kitu.

Mafuta nayo yaangalie kabla hujafungua chochote. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia, kinga kikombe cha glasi kile kidogo cha kahawa, legeza, jaza nusu, weka juani mafuta yatulie. Maji ni mazito kuliko petroli yanashuka chini, utayaona yamekaa pale kama shanga zinazozunguka ukitikisa, na uchafu wa kutu kutoka kwenye tenki unaonekana vilevile. EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama ya siri ya kupimia) kwenye mafuta 2010 kubana uchakachuaji lakini ile petroli ya kwenye chupa ya maji pembeni ya barabara imepita mikono mingapi hujui. Ukikuta kutu kwenye kikombe, safisha tenki na ubadilishe filta, la sivyo kesho utaishusha kabureta ileile.

Ukishajiridhisha kwamba tatizo ni kabureta yenyewe, dalili zinakuambia pa kuanzia. Ikizima ukiachia mafuta, sailensa haikai, mara nyingi ni jeti ndogo (jeti ni kijiskrubu chenye tobo la kupitishia petroli). Ikienda poa taratibu alafu ikakohoa ukifungua yote, angalia jeti kubwa. Kigugumizi cha katikati, sindano ya kwenye slaidi, kile kipande kinachopanda na kushuka ukivuta mafuta. Petroli ikichirizika kwenye mrija wa chini, sindano ya floti (boya la ndani ya bakuli) imelika au kuna kichanga kimekaa pale, na hapo chomoa dipstiki unuse oili kabisa, ikinuka petroli mwaga oili hiyo maana imeshakuwa nyepesi kama maji, usiiwashe kwanza.

Funga koki, osha kabureta kwa nje kabla ya kuifungua, tandika kitambaa cheupe, piga picha na simu kila hatua. Na sigara iwe mbali, nimeona mtu kaunguza nyusi zake mwenyewe kwa ujinga huu. Ile skrubu ya mchanganyiko, ya kurekebisha hewa na mafuta ya sailensa, usiitoe hivihivi, kwanza izungushe kuingia ndani taratibu ukihesabu mpaka iguse, iguse tu usikaze, andika hata kwenye kiganja "moja na nusu" au vyovyote ilivyokuwa, ndo uitoe. Sindano ya slaidi pia ina vijino vya klipu, hesabu kutoka juu klipu iko cha ngapi uirudishe hapohapo.

Sasa jeti ndogo, hapa ndo vijana wengi wanaharibu. Namba iliyogongwa pale, mfano 38, kwa jeti nyingi za hizi pikipiki ni kama kusema tobo lina upana wa milimita 0.38 hivi, nyembamba kuliko unavyodhani. Ukipitisha waya wa chuma unalipanua maana jeti ni shaba laini, kuanzia siku hiyo pikipiki inakula mafuta na hakuna atakayejua kwa nini. Mimi nilitumia chelewa ya ufagio nikijiona mjanja, ikakatikia ndani, nikanunua jeti kwa hela yangu. Tafuta mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, ule mwembamba, huku pwani hauna shida kuupata. Loweka jeti kwenye petroli safi, pitisha mshipi, alafu inyanyue uangalie juani, unatakiwa uone kidoti cha mwanga kilicho duara kabisa, kikiwa na pembe au kama mwezi mchanga bado kuna kitu. Kwenye kompresa toa kwanza floti na vipira vyote, fumba macho au vaa miwani, pitisha upepo kila kitobo usikie unatokea wapi.

Ukirudisha, acha injini ipate moto ndo uanze kutyuni. Pandisha sailensa kidogo, zungusha skrubu ya mchanganyiko robo robo mpaka upate pale resi (kasi ya injini) inapokuwa juu na mlio umetulia, alafu shusha sailensa. Skrubu ikiwa upande wa eya klina hiyo ni ya hewa, ukiiingiza unaongeza utajiri wa mafuta, ikiwa upande wa injini ni ya mafuta, ukiiingiza unapunguza. Wengi hawajui wanazungusha tu. Kama resi inapanda yenyewe na haishuki haraka, nyunyizia maji kidogo kwenye mpira wa manifodi, ule unaounganisha kabureta na injini, mlio ukibadilika mpira umepasuka unavuta hewa.

Kabureta zee kuna siku inakataa kabisa. Tikisa slaidi kwenye nyumba yake, ikicheza kama jino bovu hiyo imelika, hakuna kusafisha kutakakoirudisha, mwambie mteja ukweli. Ukinunua mpya ya bei chee linganisha namba za jeti na zile za zamani kabla ya kufunga, na usizitupe za zamani. Pia kumbuka pikipiki iliyotyuniwa huku chini ikihamia Njombe karibu mita 2,000 juu, hewa kule nyepesi, itaanza kutoa masizi na kabureta haina kosa, inataka jeti zenye tobo dogo zaidi.

Usimkabidhi mtu kwa kusikiliza mlio tu. Ikimbize kilomita kadhaa, zima, chomoa plagi. Rangi ya kahawa ya maziwa, mpe aende. Nyeusi ina masizi, mafuta yamezidi. Nyeupe kama chokaa, hewa imezidi na pistoni inaungua huko ndani, huyo usimruhusu aende Pongwe na gunia la nazi hata kama ana haraka kiasi gani, irudishe kwenye stendi.