Ramani ikae kabatini kwanza

Mwanangu,

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema baraza la wazee limekuweka katibu wa kamati ya kutafuta mwelekeo wa usharika, na mezani tayari kuna mambo matatu: kanisa jipya, mtaa mpya wa kanisa, yaani kituo kidogo cha ibada chini ya usharika, kule kwenye viwanja vilivyopimwa pembeni mwa Dodoma, na kituo cha kulelea watoto mchana. Tena kuna mzee amekwisha kuleta ramani ya jengo, mnara na kila kitu. Halafu ukaniuliza: "Mama, tutajuaje kwamba tumesikia sauti ya Mungu, si sauti ya aliyeshika kipaza sauti?"

Nianze na hiyo ramani. Ifungieni kabatini. Ramani ikishabandikwa ukutani, kila kikao kinachofuata kitaijadili yenyewe. Watu watabishania rangi ya bati huku wakidhani wanapambanua mapenzi ya Mungu. Mzee wetu asivunjiwe heshima. Mwambieni imepokelewa, imeandikwa kwenye muhtasari, na itafunguliwa siku mambo yote matatu yatakapowekwa mezani pamoja. Akikataa, hapo mmejifunza jambo kuhusu ramani hiyo.

Fungueni Matendo 15, ule mkutano wa mitume na wazee kule Yerusalemu, na msiisome kwa haraka ya kufika kwenye aya ya 28, ile ya "ilimpendeza Roho Mtakatifu na sisi". Kabla ya hapo kulikuwa na hoja nyingi, Petro akasimama akaeleza alichokiona, kisha mkutano wote ukanyamaza ukawasikiliza Barnaba na Paulo wakisimulia kazi ya Mungu kwa watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi. Yakobo alisema mwishoni. Na uamuzi wenyewe uliwahusu watu ambao wengi wao hawakuwamo ukumbini. Hapo kuna utaratibu mzima: taarifa kwanza, kimya, ndipo neno la kiongozi. Sharika nyingi huugeuza. Kiongozi hufungua kikao kwa kusema anachotaka, halafu anauliza kama kuna mwenye maoni. Nani atafungua mdomo?

Kamati yenu isizidi watu tisa. Wazee wa kanisa watatu wanatosha. Wengine wawe vijana wawili, mwalimu wa shule ya Jumapili, mtu wa hesabu asiyekuwa mtunza hazina, mama mmoja asiye na cheo chochote, na mtu aliyehamia usharikani ndani ya miaka miwili. Huyo wa mwisho msimwache, kwa sababu yeye bado anakumbuka kilichomfanya aingie na kilichokaribia kumfukuza. Mchungaji awe mlezi wa kamati, asiwe mwenyekiti. Simvunjii heshima. Wachungaji huhamishwa na dayosisi, na mpango uliokaa kichwani mwa mchungaji huondoka naye kwenye lori la mizigo. Ukikaa kwenye muhtasari wa baraza, atakayekuja ataukuta.

Kazi ya kwanza ni kuhesabu, nayo inachosha. Daftari lenu lina washarika 380, umesema. Humo wamo marehemu, waliohama bila kuchukua cheti, na watoto wa kipaimara waliokwisha kuolewa Mwanza. Hesabuni waliohudhuria Jumapili nane mfululizo, Pasaka isiwemo. Msihesabu wakati wa wimbo wa kwanza, maana wachelewaji hawajafika. Hesabuni mara tu mahubiri yanapokwisha, kabla ya sadaka. Kila mlango wa pembeni uwe na mtu wake na safu zake, mfuko mmoja una punje za mahindi, kila kichwa punje moja inahamia mfuko wa pili. Andikeni wanaume, wanawake na vijana, kila kundi peke yake. Watoto walioko nje na mwalimu wao wahesabiwe pia. Hao husahauliwa kila mara, halafu watu wanashangaa kwa nini kanisa "linazeeka".

Jumapili nane zitawapitisha mwisho wa mwezi mara moja au mbili, na mtaona tofauti ya mahudhurio na bahasha baada ya mishahara. Kwa Dodoma kuna jambo jingine. Tangu Chuo Kikuu cha Dodoma kianze mwaka 2007, makanisa ya upande ule hujaa na kupungua kwa kalenda ya chuo. Kama wanafunzi wanafika kwenu, rudieni Jumapili mbili wakati wa likizo. Usharika ukijengewa ukubwa wa muhula wa masomo, likizo itafika na mabenchi yatabaki na vumbi.

Sasa kusikiliza. Msisikilizie kwenye mkutano mkuu, kwa kuwa pale watu saba huongea na mia mbili huangalia saa. Nendeni kwenye jumuiya, nyumba kwa nyumba, watu nane hadi kumi na wawili, dakika tisini. Anayeongoza asiwe mzee wa jumuiya hiyohiyo, na awe na mwandishi. Neno dakika kumi na tano, lisilogeuka mahubiri. Kimya dakika tano kamili, kwa kutazama saa. Watakohoa, watachezea simu, vumilieni. Kisha kila mtu dakika mbili, kwa zamu ya kuketi, bila kujibiwa wala kusahihishwa. Mzunguko wa pili ndio wenye mali, maana mtu sasa anasema lililoamshwa na mwenzake. Mwandishi aandike maneno yenyewe. Bibi akisema "kanisa limekuwa la wenye magari", isiandikwe "mshiriki aligusia changamoto za kiuchumi".

Swali nalo lina hila yake. Mkiuliza "mnataka nini?" mtapata orodha ya manunuzi: spika, viti, choo, sare za kwaya. Ulizeni hivi: Mwaka huu umeona wapi mkono wa Mungu kati yetu? Nani anaishi dakika kumi na tano kwa miguu kutoka kanisani na hatumjui hata jina? Kitu gani tukiacha kukifanya, hakuna atakayelia? Swali la tatu litawauma viongozi wa vikundi, na liwaume tu. Mara nyingi nguvu ya kazi mpya haitoki kwa watu wapya. Inatoka kwenye kikao kilichofutwa.

Vijana wakutane peke yao, na wanawake pia, hata kama jumuiya zimekwisha kukaa. Kijana wetu hapingani na babu yake mbele za watu, na hiyo ni adabu njema, ila kwenye muhtasari itasomeka kama amekubali. Mwisho wa kila kikao mpe kila mtu maharage matatu na weka vikombe vyenye majina ya mambo yaliyotajwa. Anaweza kuyatia yote matatu kikombe kimoja. Vikombe viwe nyuma ya pazia, vinginevyo watu watafuata mkono wa mwenye nyumba.

Wakati jumuiya zinakaa, watu wawili wawili watembee nje. Kata na serikali ya mtaa wapitieni kwanza kwa adabu ya kawaida, kisha mwalimu mkuu, mhudumu wa zahanati, kijiwe cha bodaboda, mama lishe, wenye vyumba vya kupanga, na imamu wa msikiti wa jirani. Mazungumzo thelathini yanatosha. Nendeni Jumamosi asubuhi na tena jioni ya siku ya kazi, maana watu wa mchana si wa jioni. Swali ni moja: kitu gani kinawasumbua watu wa hapa? Msigawe vipeperushi siku hiyo, msikaribishe mtu ibadani, na zaidi ya yote msiahidi. Mtu akiuliza "kwa hiyo mtatujengea?" jibu ni "tumekuja kusikia tu, na tutarudi kuwaambia tulichosikia." Halafu mrudi kweli. Ahadi ya kanisa iliyosahaulika hukaa mtaani miaka.

Kwa takwimu, matokeo ya sensa ya 2022 yana idadi ya watu kwa kila kata, na wastani wa kaya nchini ulikuwa watu 4.3. Lakini viwanja vipya vya Dodoma vinajaa kuliko kitabu kinavyoweza kufuata, kwa hiyo hesabuni na nyumba zenye mapazia madirishani.

Halafu fedha. Chukueni mapato ya miaka mitatu, tenganisheni ahadi, sadaka za kawaida, mavuno na mnada, na harambee. Harambee msiihesabu kama mapato ya kudumu, hasa ile ya mwaka wa uchaguzi iliyokuwa na mgeni rasmi. Toeni fungu la jimbo na dayosisi, toeni mishahara ya watumishi, umeme na maji. Tuseme kwa mwezi huingia shilingi 3,200,000 na hutoka 2,850,000. Basi mna 350,000 za kufanyia ndoto.

Pimeni kituo cha watoto kwa kipimo hicho. Watoto 40, kila mmoja gramu 50 za unga wa uji kwa siku, ni kilo 2. Siku 20 ni kilo 40. Kilo ikiwa shilingi 2,500, uji ni 100,000. Walezi wawili kwa 200,000 kila mmoja ni 400,000. Jumla 500,000, bado kuni, sabuni na sukari. Mtasema wazazi watachangia 10,000 kila mtoto, yaani 400,000. Andikeni nusu yake, 200,000, kwa sababu mzazi aliyekosa kibarua hatalipa, na kanisa haliwezi kumrudisha mtoto wake getini. Usharika unaongeza 300,000 na hivyo vidogovidogo, na akiba ya mwezi imekwisha. Kinawezekana, lakini hakiwezekani pamoja na jengo. Kituo pia husajiliwa kwa kupitia ustawi wa jamii, na watakagua vyoo, uzio na walezi, kwa hiyo pigeni hodi huko kabla ya kununua magodoro.

Mtaa mpya una mtego wa ardhi. Ulizeni idara ya ardhi ya jiji kiwanja kimepangiwa matumizi gani. Kiwanja cha makazi hakigeuki cha ibada kwa kuwekewa msalaba. Na hati iandikwe kwa jina la wadhamini waliosajiliwa wa dayosisi, kamwe isiwe ya mzee mwaminifu "kwa muda". Mzee mwaminifu hufa, na watoto wake hawakuwemo kwenye kikao. Masharti ya kufungua mtaa yasomeni kwenye katiba ya dayosisi yenu wenyewe, msikopi ya jirani.

Uamuzi ufanyike kwenye mikutano miwili, wiki tatu katikati. Wa kwanza ni wa kusikia tu: hesabu, maneno ya jumuiya, maneno ya mtaani, fedha, na hapo ramani itoke kabatini ilale sawa na karatasi nyingine. Hakuna kura siku hiyo. Wiki hizo tatu ni za maombi, na wanaoweza wafunge. Mkutano wa pili ni kura ya siri yenye majibu matatu: nakubali, nina mashaka lakini nitashiriki, sikubali, na sababu ni hii. Kama katiba yenu inaridhia wingi wa kawaida, nyinyi kubalianeni mapema kutafuta theluthi mbili. Asilimia 51 hujenga msingi, kisha hukosa watu wa kumwaga zege. Na mtu asitangaze mchango mkubwa kabla ya kura kuhesabiwa. Milioni tano zikitajwa kwenye kipaza sauti, kupambanua kumekwisha.

Sababu za waliokataa zisomwe kwa sauti. Mara nyingine mtu mmoja ndiye aliyeona shimo.

Sasa swali lako lenyewe. Uhakika wa asilimia mia hamtaupata. Hata Paulo alizuiwa kunena Neno Asia, akajaribu Bithinia akazuiwa tena, ndipo akafika Troa akaota yule Mmakedonia akimwita avuke. Alipambanua akiwa njiani. Mimi naamini zaidi uamuzi unaowagharimu walioupigia kura kuliko unaowapendezesha. Natazama kama unamhusu mtu asiyekuwamo kikaoni. Natazama waliosema hapana, kama wiki inayofuata wamekuja kufagia. Na nikiona jambo lililopendwa ni lilelile alilolitaka mwenye nguvu kabla ya kikao cha kwanza, nitaomba mrudie kuyahesabu maharage.

Kwa hiyo anzeni kwa siku tisini za majaribio. Kama ni mtaa, ombeni darasa au ua wa mshiriki, ibada ya Jumapili saa kumi jioni, mwinjilisti na familia tano zilizokubali kwa majina. Andikeni mapema ni nini kitakachowaambia muendelee na nini kitakachowaambia mwache. Kwa mfano, ikifika wiki ya kumi na mbili na waliopo ni zile familia tano tu, mmehamisha viti, hamjafungua mtaa.

Matokeo yasomwe ibada zote mbili, yabandikwe ubaoni, na kila mtaa wa usharika upelekewe barua kwa mikono ya watu wawili. Yerusalemu nao walituma barua, na wakawatuma Yuda na Sila wayaseme yaleyale kwa midomo yao. Kundi la WhatsApp halimjibu bibi anayeuliza "kwa nini?"

Jumapili hii tafuta vijana wanne wa milangoni na nusu kilo ya mahindi. Na mwambie mwenyekiti wako ufunguo wa kabati ukae kwa mtu asiye mjenzi.

Wasalimie watoto. Nitumie namba za Jumapili ya kwanza hata kama zinatia aibu.

Mama yako