Mhitimu mmoja, ukoo mzima: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Huku Tanga sote wazima. Mama yako anauliza kama umeshaanza kuvaa sweta.

Nimeisoma habari ya yule mama wa Kikongo hapo Louisville. Kakulipa umpige bintiye zile picha za mwaka wa mwisho wa sekondari wanazopigwa vijana wa Marekani, halafu kapiga simu kusema bibi, wajomba na wadogo wote wanakuja. Unaniuliza umwambieje apunguze watu, maana unaona binti atamezwa.

Usimwambie kitu, mama. Watu waliokaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka yote ile, leo mtoto wao anamaliza shule, halafu mpiga picha awaambie wabaki nyumbani? Waje wote.

Ila anza na hao wengi, bibi akiwa bado na nguvu na nguo za watoto hazijachafuka. Katikati ya Oktoba jua la huko linazama kama saa moja jioni, basi saa kumi na moja uwe umeshawapanga kivulini. Bibi apewe kiti, mhitimu asimame begani kwake. Kama wameshona sare ya kitenge, binti avae rangi moja tupu. Hapo hata akisimama pembeni jicho litamwona kwanza. Wakiwa safu mbili au tatu, funga tundu la lenzi mpaka f/8, la sivyo wa nyuma watatoka ukungu. Na usiwasogelee na lenzi pana: wajomba wa pembeni watavutika wawe wanene, na lawama ni zako.

Ukishapiga ile ya kujipanga, usishushe kamera. Hapo ndipo wanapojisahau. Mama atamvuta binti amweke kola sawa, bibi atamfuta jasho kwa ncha ya kitenge, mdogo wake atacheka. Mimi picha za kujipanga nilikuwa nauza, lakini hizi ndizo watu walizorudi kuomba nakala.

Kisha mpe mjomba mmoja kazi ya kuwapeleka watoto wakale aiskrimu, ubaki na binti. Mama akitaka kubaki, msimamishe nyuma yako. Ukiona binti anakakamaa, mama naye mtume aiskrimu. Sasa fungua tundu la lenzi, ile ya milimita 85 kwenye f/2 inatosha, na mgeuze uso uelekee penye mwanga.

Angalia ngozi. Sisi wa filamu za rangi tulisumbuka: maabara zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, na watu wetu wakatoka kama wamepakwa masizi. Kamera yako ni afadhali, lakini blauzi nyeupe bado itaidanganya. Pima mwanga usoni, nguo baadaye. Usimkalishe kwenye majani pia, ukijani utampanda kidevuni.

Picha ya kitabu cha mwaka cha shule ulizia mapema. Shule nyingi zina masharti yake, kichwa na mabega, nyuma patupu, na siku ya mwisho ya kupokea.

Tena kabla ya siku yenyewe muulize binti mwenyewe, mama yake asiwepo, anataka apigwe picha akiwa na nini. Wengine huja na mpira, wengine gitaa. Yule wa Kikongo huenda akataka joho la kwaya.

Nitumie za bibi kwa WhatsApp, kabla hujazirekebisha.

Baba yako